Oti ni Chakula, si Dawa ya Kitambi

Katika nyumba nyingi za askari, kambini na katika laini za polisi, siku hizi huonekana kopo la oti juu ya kabati, pale ambapo mikono ya watoto haifiki. Aghalabu kopo hilo huingia nyumbani kwa sababu moja. Baba amepimwa, akaambiwa kwamba shinikizo la damu limepanda au kwamba mafuta yamezidi katika damu yake, na mshipi wa sare umekwisha kuhamia tundu la mwisho. Basi mama hujinyima, hununua kopo, na kila asubuhi baba huandaliwa bakuli lake peke yake, huku watoto wakienda shuleni kwa chai ya rangi na kipande cha kiazi.

Mwezi unapokwisha, mshipi uko palepale. Baba huilaumu oti, mama huzisikitikia fedha zake, na kopo tupu hugeuzwa chombo cha chumvi. Hata hivyo, kosa halikuwa la nafaka.

Yafaa kwanza nafaka yenyewe ijulikane. Oti si shayiri, ingawa watu wengi huzichanganya mbili hizo; ni ndugu tu, kama mtama na uwele. Hustawi penye baridi na mvua, na kwa sababu hiyo ilikuwa chakula kikuu cha watu wa Scotland kwa karne nyingi. Mwingereza Samuel Johnson, katika kamusi aliyoitoa mwaka 1755, aliieleza kuwa ni nafaka ambayo Uingereza hupewa farasi, lakini Scotland huwalisha watu. Huenda alikusudia mzaha, lakini askari hawana sababu ya kuicheka nafaka hiyo. Mwandishi wa tarehe Jean Froissart ameeleza jinsi Waskoti walivyovuka mpaka mwaka 1327 kuwapiga Waingereza bila kubeba vyungu wala mikate. Kila mpanda farasi alikuwa na bamba la chuma na mfuko mdogo wa unga wa oti. Alipopata nafasi alilipasha bamba moto, akakanda unga kwa maji, akaoka kijikate chembamba, akaendelea na safari. Jeshi la Mfalme Edward wa Tatu liliwatafuta kwa majuma kadhaa, likarudi bila kuwashinda.

Lakini watu wale walishinda juu ya farasi, milimani, katika mvua. Sajini wa leo anayekaa mezani na majalada kuanzia asubuhi hadi jioni hawezi kutazamia kwamba bakuli moja litamfanyia kazi ambayo miguu yake haikufanya.

Nusu kikombe cha oti kavu, yaani gramu 40 hivi, kina kalori zipatazo 150, protini kiasi cha gramu 5 na nyuzinyuzi gramu 4. Sehemu ya nyuzinyuzi hizo huitwa beta-glukani. Ndiyo inayoufanya uji wa oti uwe na utelezi, kama mchuzi wa bamia. Utelezi huo hupunguza kasi ya chakula tumboni, hata mtu akakaa ameshiba muda mrefu zaidi. Tena husaidia kuondoa sehemu ya kolestero mwilini. Gramu 3 za beta-glukani kwa siku, zinazopatikana katika robo tatu ya kikombe cha oti kavu au zaidi kidogo, zimethibitishwa kupunguza kolestero kwa kiasi, na tangu mwaka 1997 serikali ya Marekani imeruhusu wauzaji kuandika kwenye pakiti kwamba oti inaweza kusaidia kupunguza hatari ya maradhi ya moyo. Hakuna palipothibitishwa kwamba oti huyeyusha kitambi. Msaada wake ni huu tu: aliyeila vizuri alfajiri huweza kulipita andazi la saa nne bila kuligusa.

Sasa na tazamwe bakuli la baba. Kijiko kimoja cha mezani cha sukari kina karibu kalori 50. Akitia vijiko vitatu, ameongeza kalori 150, sawasawa na oti yenyewe. Yaani amekula bakuli mbili, na moja kati yake ni sukari tupu. Akimimina na maziwa mazito ya kopo juu yake, hesabu inaharibika kabisa. Hapo ndipo mshipi unapokataa kurudi nyuma.

Waskoti huipika kwa maji na chumvi kidogo. Kikombe kimoja cha oti hutiwa katika vikombe viwili na nusu vya maji, huwekwa kwenye moto mdogo na kukorogwa kwa dakika tano hadi kumi. Asiyeweza kuula uji usio na utamu apondeponde ndizi mbivu moja aichanganye ndani sufuria inapoepuliwa, au atie papai. Karanga zilizosagwa, kijiko kimoja, huupa uji ladha na kuufanya ukae tumboni. Vijiko vinne ni karamu, si lishe ya mazoezi.

Kwa askari anayetoka kwa zamu kabla ya mapambazuko, wakati jiko la makaa bado ni baridi, iko njia isiyohitaji moto. Daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zurich aliwapa wagonjwa wake, yapata mwaka 1900, oti iliyolowekwa pamoja na tofaa lililoparuzwa na njugu. Nyumbani, nusu kikombe cha oti hulowekwa jioni katika maji yaliyochemshwa yakapoa, au katika maziwa ya mgando, kikafunikwa na kuwekwa mahali pa baridi. Asubuhi hukatiwa tunda na kuliwa. Pasipo na jokofu, maziwa mabichi yasitumiwe kulowekea, maana yatachacha na kuleta maradhi ya tumbo siku ya gwaride.

Njia iliyo bora kuliko zote kwa ulimi wa nyumba zetu, na ambayo wachache wameijaribu, ni kuipika oti kwa chumvi kama chakula cha mchana. Kitunguu na nyanya hukaangwa kwa mafuta kidogo, dodo iliyokatwakatwa hutiwa, kisha oti kikombe kimoja na maji vikombe viwili. Ikiiva huwa kama bokoboko laini, na juu yake huwekwa yai la kuchemsha au maharagwe ya jana. Mtu aliyezoea posho hatasikia kwamba amepewa chakula cha hospitali. Oti iliyotwangwa ikawa unga huweza pia kuchanganywa nusu kwa nusu na unga wa ngano kwa chapati. Peke yake haishikani, hukatika mkononi.

Vipakiti vidogo vyenye ladha za matunda, vinavyomiminiwa maji moto tu, aghalabu vimekwisha kutiwa sukari, na bei yake kwa uzito ni kubwa. Nyumba ya askari haivihitaji.

Inabaki habari ya watoto na chai yao ya rangi. Chakula cha baba peke yake hakidumu katika nyumba yoyote. Ama fedha zitakwisha, ama baba mwenyewe ataona haya kula huku akitazamwa. Wimbi linalouzwa sokoni kwa bei nafuu zaidi lina nyuzinyuzi pia, na chokaa inayojenga mifupa imo ndani yake mara kadhaa kuliko katika oti: miligramu zaidi ya 300 katika gramu 100. Kwa hiyo uji upikwe mmoja. Sehemu mbili za unga wa wimbi hukorogwa kwa maji baridi, hutiwa katika maji yanayochemka na kupikwa robo saa. Kisha sehemu moja ya oti huongezwa na kuachwa dakika tano. Baba na ale bila sukari. Watoto waongezewe maziwa.

Mwenye kutumia dawa za kisukari amweleze daktari kabla ya kubadili chakula chake cha asubuhi. Anayeanza aanze kwa robo kikombe na kunywa maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi, na mbio za alfajiri zisianze kabla ya saa moja na nusu kupita tangu kula. Ama kopo, likifunguliwa lifunikwe vizuri lisiingie fukusi, na mahali pake ni rafuni kando ya unga wa wimbi.