Usafi wa jikoni: anzeni juu, na msichanganye dawa

Anzeni juu mshuke chini: kwanza utando wa buibui darini, kisha makabati na meza, sakafu iwe ya mwisho. Ukianza na sakafu utapiga deki mara mbili. Kabla ya kusugua jiko la gesi, fungeni mtungi na liacheni lipoe. Mafuta yaliyoganda lowekeni kwa maji moto na sabuni, yatalainika bila kukwangua. Sogezeni friji pia, maana nyuma yake ndiko mende hujificha na kula makombo. Kitambaa cha vyombo kichemsheni, kisha kianikeni juani. Kikibaki na unyevu kwenye sinki huzalisha vijidudu.

Kubwa kuliko yote: msichanganye dawa ya klorini kama Jik na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayounguza macho na mapafu. Tumieni dawa moja, madirisha yakiwa wazi, na suuzeni kwa maji mengi. Tafadhali waelezeni hilo na dada wa kazi, kwani wao ndio hushika chupa hizo kila siku.