Maji Yatangulie, Soda Ingoje

Ndugu Waislamu, mwanafunzi anayetoka darasani mchana katika Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), akashuka Kariakoo kutafuta chakula, huamini kwamba kinywaji atakachokunywa amekichagua mwenyewe. Tukitazama kwa makini tutaona kuwa uchaguzi huo umekwisha kufanywa kwa kiasi kikubwa kabla hajafika. Friji ya kioo imesimama mlangoni mwa duka, na mara nyingi imetolewa na kampuni ya soda yenyewe. Soda zimepangwa usawa wa macho, na maji yamewekwa chini kabisa. Akiketi kwa mama lishe, sahani ya wali haijatua mezani huulizwa: "Soda gani?" Swali hilo halimuulizi kama anataka soda, linamtaka ataje aina tu.

Jambo hili lina uzito. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na iliyomo katika asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Na ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25 kwa mtu mzima, manufaa yake ni makubwa zaidi. Basi soda moja ya mchana hukivuka kiwango hicho cha pili kabla hatujahesabu chai ya asubuhi. Nayo juisi ya miwa, ambayo wengi huiona kuwa ni dawa, haina msamaha katika hesabu hii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takribani watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini mwetu walikuwa na kisukari. Sukari ya vinywaji si sababu pekee ya maradhi hayo, lakini ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari yake, na mazoea ya kunywa hujengwa katika umri huu wa chuo.

Tufanye nini basi? Wako wanaotamani mimbari itoe kauli kali. Hilo halifai. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ithibiti dalili ya kuharimisha, na soda ni katika mubaha. Isitoshe, imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba kinywaji alichokipenda zaidi Mtume (s.a.w.) kilikuwa kitamu na baridi. Kupenda utamu hakuna lawama. Lawama iko katika israfu, ambayo aya ya 31 ya Suratul A'raf imeikataza katika kula na kunywa. Baina ya kuharimisha kisichoharimishwa na kunyamaza kimya, ipo njia ya tatu.

Njia hiyo ni kupanga mahali pa kula ili lililo bora liwe jepesi kufikiwa, bila kulifunga lile jingine. Wataalamu wawili wa Marekani, Richard Thaler na Cass Sunstein, waliiandikia kitabu mwaka 2008, na Thaler akapewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017. Katika mkahawa wa Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, vyakula na vinywaji viliwekewa alama za rangi kama za taa za barabarani, kisha chupa za maji zikapangwa usawa wa macho na kutiwa katika vikapu karibu na vyakula. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa baada ya mpangilio huo mpya mauzo ya maji ya chupa yalipanda kwa asilimia 25.8, na ya vinywaji vyenye alama nyekundu, soda za sukari zikiwemo, yakazidi kushuka kwa asilimia 11.4. Hakuna aliyekatazwa kitu.

Sisi hatukupaswa kungoja Boston itufundishe. Sunna ya kufuturu imeweka utaratibu: tende mbichi, zikikosekana, tende kavu, zikikosekana, mafunda ya maji. Kinachotangulia mkononi ndicho kinachozima kiu.

Basi mwenye mgahawa wa Mtaa wa Kongo au Msimbazi, ambaye wateja wake ni vijana hawa, na apange maji mbele na juu, soda chini. Mama lishe na aanze kwa kuuliza, "Nikuletee maji?" Chai na ipikwe bila sukari, sukari iwekwe pembeni, kila mtu ajipimie. Glasi ya juisi na iwe ndogo. Muuza madafu na akaribishwe asimame karibu na lango la chuo, kwani maji ya dafu yana sukari pungufu sana kuliko soda. Haya hayamtii mfanyabiashara hasara, maana maji nayo ni bidhaa yake.

Huenda mtu akasema: hii ni hila ya kumwongoza kijana bila yeye kujua. Swali hili ni la haki. Jawabu ni kwamba hakuna meza isiyopangwa na mtu. Ama imepangwa na anayetafuta faida, ama na anayemtakia heri mlaji. Kipimo ni hiki: je, aliyeipanga yuko tayari kumweleza mlaji waziwazi kwa nini ameipanga hivyo? Akiwa tayari, na soda ikabaki pale kwa anayeitaka, hiyo ni nasaha. Akilazimika kuficha, hiyo ni ghushi.

Lakini msukumo huu wa upole una mpaka wake. Mji huu uliona kipindupindu mwaka 2015, na kijana anayekwepa maji ya ndoo asiyoyajua yalikotoka ana hoja ya kweli. Haifai kumwelekeza kwenye maji kabla ya kuhakikisha kuwa ni salama, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, katika chombo chenye mfuniko na bomba.

Hapa ndipo misikiti ya katikati ya mji, ambayo wanafunzi huswali Adhuhuri na Alasiri humo, ina wajibu wake. Maji ya sabili ni sadaka iliyozoeleka kwetu. Kamati za misikiti na ziyaweke karibu na mlango wa kutokea, yakiwa safi, baridi na vikombe vimeoshwa. Na katika darsa, semina za wanafunzi na futari za pamoja, kreti za soda zisitangulie mezani. Maji yagawiwe kwanza, na mwenye kutaka soda aiombe, apewe bila kutazamwa vibaya. Tutakapoanza kwetu, ndipo tutakuwa na uso wa kumwambia mwenye mgahawa apange friji yake upya.

Wabillahi tawfiq.