Siku Moja na Tisheti si Kujitolea

Makomredi, leo nitawaudhi na sijali. Ile siku mnaenda mtaani na basi la chuo, mmevaa tisheti zinazofanana, mnacheza na watoi nusu saa, mnagawa mipira mitatu na maji ya chupa, halafu saa tisa mko kampasi mnaposti, hiyo si kujitolea. Hiyo ni ziara. Ziara si mbaya, hata mimi napenda ziara, lakini iiteni kwa jina lake na msiombe cheti.

Kwani mnadhani timu ya watoto wa chini ya miaka 12 inakufa juu ya kukosa mpira? Mpira ukikosekana, wa karatasi na kamba utachezwa. Timu inakufa kwa sababu hakuna mtu mzima wa kuaminika anayekuja kila wiki. Hakuna wa kuandika nani amekuja na nani amepotea wiki tatu mfululizo, na mara nyingi huyo aliyepotea kuna kitu kinaendelea kwao nyumbani. Hakuna wa kukagua vyeti vya kuzaliwa, kwa hivyo jamaa wa sekondari anaingia kucheza na watoto wa Gredi ya 5 na mtu anavunjwa mguu. Hakuna dada wa kusimama na timu ya wasichana, na mama hawezi kumwacha binti yake uwanjani hadi saa kumi na mbili na makocha wanaume pekee. Huyo mama namwelewa kabisa.

Na kocha wa mtaa yupo, si ati hayupo. Ni yule jamaa wa boda ama wa kuosha magari. Anafunza watoi arobaini peke yake, refa ni yeye, wa kufunga bandeji ni yeye, na nauli ya mechi ya ugenini anaongezea kutoka mfukoni mwake. Mkija siku yenu, yeye ndiye anawapanga watoi ili mpigwe picha nao. Halafu kwenye posti jina la chuo liko, nembo ya mdhamini iko, lake hakuna.

Kama unaona nadai miujiza, angalia Mathare. MYSA ilianza 1987, na vijana wa mtaa wenyewe wamebeba sehemu kubwa ya kazi ya kuendesha ligi zake. Timu ikisafisha mtaa inapata pointi kwenye jedwali la ligi. Kijana akifunza wadogo wake ama akisaidia kazi za jamii, anajikusanyia pointi ambazo zinaweza kumletea msaada wa karo. Huko ndiko ilitoka Mathare United, iliyochukua ubingwa wa ligi kuu 2008. Watu hupenda kusimulia hilo kombe. Mimi napenda hesabu iliyo nyuma yake: kuna mtu alikaa chini akaandika nani alifanya nini. Sasa mtoto wa Mathare anahesabiwa kazi ya msimu mzima, komredi wa mwaka wa tatu anapewa cheti kwa asubuhi moja. Inaingia akilini kweli?

Najua jibu lenu: tumesota, mkopo haujaingia. Ni kweli, na hapo nawapigania. Kujitolea kuna gharama, na anayesema "fanya kwa moyo" kawaida ana gari. Lakini tupige hesabu. Nauli ya bob mia kwenda na kurudi, Jumamosi kumi, ni elfu moja. Tisheti yenye nembo mbele na nyuma pamoja na lanchi ya siku ya ziara zinakaribia hapo. Chuo kikiweza kulipia hizo, kinaweza kulipa nauli.

Wafanyakazi wa chuo nao wasijifiche nyuma ya wanafunzi. Nesi wa zahanati ya kampasi anahitaji saa moja tu kumfunza kocha kwamba mtoto aliyegongwa kichwa na kuanza kuyumba anatolewa uwanjani na harudishwi siku hiyo, hata kama ndiye straika. Na ule uwanja wa nyasi unaolala tupu Jumapili nzima huku watoi wa jirani wanacheza kando ya jalala, askari wa geti anaulinda kutoka kwa nani?

Kwa hivyo hakuna cheti bila Jumamosi kumi, ukitaka kufunza, kuandika matokeo ama kuchora mistari kwa chokaa. Na sahihi kwenye hicho cheti iwe ya kocha wa mtaa, si ya mkuu wa wanafunzi. Kocha ndiye anajua nani alikuja siku ya mvua.