Nyumba ya kupangisha na jina la kampuni

Ulizo moja linarudi katika vikundi vyetu: tukiandikisha nyumba ya kupangisha kwa jina la kampuni, banki itatupa mukopo mupya wa kulipa deni la zamani na kujenga vyumba vingine? Pengine itatoa. Lakini tuangalie kwanza tunachoacha.

Tangu Congo iliingia katika OHADA, mwaka wa 2012, hata mutu mumoja anaweza kufungua SARL. Faida yake inajulikana: kampuni ikishindwa kulipa, mwenye sehemu anapoteza tu kile alichoweka ndani. Lakini mukiweka nyumba ndani, ni nyumba ile ile mutakayopoteza. Tena mara nyingi banki inaomba mutie sahihi ninyi wenyewe kama wadhamini. Hapo ile faida inaisha.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Sheria ya udongo ya 1973 inaruhusu raia wa Congo kuwa na haki ya kudumu juu ya kiwanja. Kampuni haipewi haki hiyo. Inapewa haki ya muda usiozidi miaka 25, ambayo inaweza kufanywa upya. Kwa hiyo sertifika ikitoka kwa jina la mama na kuingia kwa jina la SARL, cha kudumu kimekuwa cha muda. Na kuhamisha sertifika kunalipiwa.

Tufikiri pia watoto. Nyumba ikishakuwa ya kampuni, hawarithi nyumba, wanarithi sehemu za kampuni. Mama ambaye jina lake haliko katika karatasi za kampuni, siku ya msiba ataonyesha nini?

Iko njia nyingine: nyumba ibaki kwa jina lenu, muitoe kama rehani, na kampuni ichukue mukopo wa biashara. Hatari ya kuuzwa ingali pale, lakini haki ya kudumu haikuguswa.

Tangu 2016 muke haombi tena ruhusa ya mume ili atie sahihi mapatano. Lakini kwa kuuza nyumba au kuiweka rehani, mume na muke wote wawili wanapaswa kukubali. Basi mama, usitie sahihi karatasi usiyosomewa kwa luga unayosikia. Uliza notere: mwisho nitalipa jumla ngapi? Na wapangaji wakitoka miezi mitatu, nitalipa na nini?