Bia Bora na Bora Bia

Upo usemi ulioenea miongoni mwa wapikaji wa bia za nyumbani, kwamba chachu ni chachu tu. Mradi povu limepanda, kazi imekwisha. Watu hao hao huongeza sukari ili kupunguza gharama ya kimea, hutia hopsi zozote zilizo karibu, kisha huandika kwenye chupa: “Pilsna ya Kicheki.” Usemi huo naupinga.

Mwaka 1838 wakazi wa Plzeň, katika nchi ya Bohemia, walimwaga hadharani mapipa 36 ya bia iliyoharibika. Walikuwa wamechoka kuuziwa bia mbovu. Wakajenga kiwanda chao wenyewe, wakamwita Josef Groll kutoka Bavaria, naye akapika pilsna ya kwanza tarehe 5 Oktoba 1842. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba napigania damu ya Kicheki. Mpishi alikuwa mgeni, na ufundi wa kuchachusha kwa baridi alikuja nao kutoka kwao. Bia ile ilitokana na mambo manne yaliyokutana: maji laini, kimea cheupe cha shayiri, hopsi za Žatec, na chachu inayofanya kazi kwenye baridi. Ondoa moja, umepata kinywaji kingine.

Tuanze na chachu. Ile ya bia za joto hupenda nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi, na mara nyingi huacha harufu ya matunda. Ya lager hufanya kazi polepole kwenye nyuzi 8 hadi 12, kisha bia hulazwa karibu na sifuri kwa majuma kadhaa. Kwa kuwa baridi huipunguzia kasi, hutakiwa nyingi, karibu maradufu: kwa lita 20, paketi mbili za gramu 11.5, wala si moja. Bahili wa chachu atakunywa bia inayonuka siagi.

Hopsi za Žatec nazo si kali. Asidi yake ya uchungu ni kama asilimia 3 hadi 4. Ndiyo maana hutiwa kwa wingi, na wingi huo ndio unaoleta harufu yake. Anayetia chache zilizo kali anapata uchungu, lakini harufu anaikosa. Maji yenye chumvichumvi nyingi huugeuza uchungu huo kuwa ukakasi. Sukari huongeza kilevi, lakini huifanya bia iwe nyepesi mdomoni.

Wapo watakaonijibu: “Mzee, kwetu ni joto, na jokofu la kulaza bia majuma yote hayo hatuna.” Ni kweli, wala si aibu. Pika bia nyingine, uiite kwa jina lake. Bibi zetu walipika pombe ya ulezi katika joto hili hili, ikapendwa, nao hawakuazima jina la mji wa Ulaya.

Sisi walimu tulizoea kusema kwamba tunataka elimu bora, si bora elimu. Neno hilo lafaa hata penye pipa. Jirani ambaye hajawahi kuonja pilsna ataijua kwa chupa yako. Ukimdanganya kwa jina, umemfundisha uongo, naye ataupeleka kwa wengine akidhani ni elimu.