Kwaheri au Buriani?

Wapenzi wa muziki wa Marekani wanaijua LCD Soundsystem kuwa bendi iliyooanisha magitaa makali ya panki na midundo ya densi itokayo katika mashine za umeme. Mimi bendi hii hunishughulisha pia kwa sababu ya neno moja, ambalo kiongozi wake, James Murphy, alilitamka mbele ya umma kisha akalitangua.

Murphy, aliyezaliwa New Jersey mwaka 1970, alishirikiana na wenzake kuanzisha kampuni ya santuri iitwayo DFA mjini New York mwaka 2001. Mwaka uliofuata ukatoka wimbo wa kwanza wa bendi, "Losing My Edge", unaomcheka mjuzi wa muziki anayezeeka huku vijana wakimpiku, na ambaye silaha yake ya mwisho ni kuorodhesha majina ya bendi alizozijua kabla yao. (Sisi wahadhiri tunamfahamu mtu huyo, tofauti ni kwamba orodha yetu huitwa marejeleo.) Zikafuata albamu tatu, za 2005, 2007 na 2010. Ya pili, Sound of Silver, ndiyo iliyo bora kwa maoni yangu: katika wimbo "Someone Great" msiba unasimuliwa juu ya mdundo wa mashine usiojali lolote.

Mapema mwaka 2011 Murphy alitangaza kwamba bendi inakoma, na onyesho la mwisho akalifananisha na mazishi. Tiketi za Madison Square Garden zilikwisha upesi, nyingi zikaangukia mikononi mwa walanguzi, hata bendi ikaongeza maonyesho manne katika ukumbi mdogo zaidi. Usiku wa tarehe 2 Aprili walipiga muziki kwa muda wa zaidi ya saa tatu. Filamu ya tukio hilo ilitoka mwaka 2012. Mnamo Januari 2016, bendi ikatangaza kwamba inarejea.

Wapo wanaosema kwamba hapana kosa. Hoja yao ni kuwa albamu ya 2017, American Dream, ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Marekani, na kwamba wimbo "Tonite" ulitunukiwa tuzo ya Grammy mwaka 2018. Hayo ni kweli, lakini hayajibu swali. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford alitufunza kwamba kuna semi ambazo hazielezi jambo bali hulitenda: kuahidi, kuapa, kuozesha. Kuaga hadharani ni tendo la aina hiyo. Uzuri wa wimbo uliotungwa baadaye hauwezi kulibatilisha, kama vile mavuno mema hayafuti deni la mbegu.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Kwaheri huachia mlango wazi, ndiyo maana twaweza kusema kwaheri ya kuonana. Buriani ni jambo jingine: watu hutakana radhi kwa kuwa huenda wasionane tena, na aghalabu mmoja wao yu karibu na kufa. Aliyeita onyesho lake mazishi hakuaga kwa kwaheri. Tena buriani yake iliuzwa kwa tiketi, na waliotoka mbali walilipa nauli kwa sababu waliamini kwamba hapatakuwa na nyingine.

Sisemi kwamba Murphy angenyamaza milele. Mtunzi mwenye nyimbo ndani yake kumziba kinywa ni ukatili, na American Dream ni albamu ninayofurahi kwamba ipo. Lakini Murphy mwenyewe, aliporejea, hakujitetea kwa ubora wa kazi yake. Aliwaandikia mashabiki waraka mrefu akitambua kwamba wapo waliojiona wamesalitiwa, na akawaomba radhi. Alilitambua deni. Wanaolikana ni watetezi wake, na hao ndio ninaobishana nao.