Uga Uliokwisha Kupekuliwa

Wawindaji wa sarafu za kale wana hoja wanayoipenda: uga uliokwisha kupekuliwa hauna tena cha kuharibiwa. Wa kwanza ndiye aliyevunja. Wa pili anaokota masazo tu. Kwa hoja hiyo hurejea penye nyumba kongwe na magofu wakiwa na chombo kinacholia kikipita juu ya madini, kikali kuliko cha jana, wakachimba walipochimba wenzao. Mikindani, na pwani yote inayoshuka hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma, ina kila kitu cha kuiamsha tamaa hiyo. Mjerumani alijenga boma lake Mikindani mwaka 1895, na uvumi wa mali aliyoifukia kabla ya kuondoka haujafa nchini mwetu.

Hoja hiyo ni batili, na sisi tupendao shairi tuna sababu ya pekee ya kuikataa.

Sarafu ya shaba ya Kilwa, ewe msomaji, ni shairi. Upande mmoja pana jina la sultani, upande wa pili maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mola, na pande mbili hizo hufungwa kwa kina kimoja. Lakini haikuandikwa mwaka. Umri wake haumo katika herufi. Umo katika tabaka la udongo ilimolala, katika kigae kilicho ubavuni mwake na mkaa ulio chini yake. Anayeing'oa bila ya kuyaandika hayo amebeba mshororo mmoja na kuuchoma ubeti mzima.

Ushahidi uko Pemba. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za ugenini. Zile za fedha hazikuwa na mwaka. Dinari zilikuwa nao, na ya mwisho ilifika 1066. Kwa kuwa zilikutwa pamoja, Ali bin al-Hasan, ambaye wataalamu walikuwa wakimweka mnamo 1200, alirudishwa katika karne ya 11. Lau mtu angaliiwahi dhahabu akaipeleka kwa sonara, fedha zile zingalibaki bubu hata leo.

Na Mikindani? Habari za mji huo kabla ya Livingstone, aliyeanzia hapo safari yake ya bara mwaka 1866, zimehifadhiwa na vigae kuliko sarafu. Ni vigae vilivyomwonyesha Matthew Pawlowicz, mtaalamu wa mambo ya kale, jinsi watu wa pwani hiyo walivyofungamana na bara. Chombo cha mwindaji ni kiziwi mbele ya kigae. Hukirusha kando pamoja na kifusi.

Atajitetea: "Mimi natafuta rupia ya Mjerumani tu, nayo haijafikia umri wa kulindwa." Ni kweli kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huviita vya kale vile vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Lakini jembe haliulizi mwaka. Tena uga uliokwisha kupekuliwa umechunwa ngozi ya juu. Kilichosalia ni cha chini, yaani cha kale zaidi. Chombo kikali hufika huko ambako cha kwanza hakikufika. Basi wa pili hafuati nyayo za wa kwanza; anaushuka mji karne baada ya karne, naye hasomi.

Simlaumu kijana aliyekosa kazi akashika sururu. Namlaumu mnunuzi anayemtuma, aipambe sarafu kabatini na kuiita mapenzi ya historia. Ampendaye mshairi hamng'oi ulimi.

Akutaye sarafu ya kale na aiache ilipolala, aandike mahali, awaite wenye dhamana ya mambo ya kale. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la pwani yetu ni udongo, na kila shimo ni ukurasa uliochanwa.